Msituambie Tawi Limehamia Simuni

Kuna maneno yamenichosha masikio. Kila nikienda kwenye kikao cha watu wa teknolojia hapa Kisumu, lazima atokee mmoja asimame mbele ya skrini atangaze kwamba tawi la mikopo limekufa. Eti tawi sasa liko mfukoni. Eti mama muuza samaki wa Kondele hana haja tena ya kwenda kupanga foleni mjini, mkopo unamfuata pale pale kibandani kwa dakika mbili. Watu wanapiga makofi, soda zinanywewa, tunatawanyika.

Leo nataka kubisha. Mimi ni mtengeneza programu, nimesomea sayansi ya kompyuta, nakula kwa kuandika kodi, na nakaa Migosi. Kwa hiyo usinidhanie ni mzee anayeogopa simu. Ninachosema ni hiki: apu imehamisha kazi mbili tu za tawi, kutoa pesa na kupokea pesa. Kazi ya tatu, yaani kusahihisha mambo yanapoharibika, haikuhama. Ama imebaki mjini nyuma ya mlinzi, ama haipo tena popote. Na sisi tunaoandika programu ndio tunaolijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana makofi yetu yananikera.

Haya, twende taratibu.

Kwa msomaji asiyeijua Kisumu, Migosi ni mtaa wa makazi, jirani na Kondele na Manyatta, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Wanakaa hapa walimu, makarani, mafundi, wanafunzi, na akina mama wengi wanaoamka gizani kwenda Kibuye au Kondele kutafuta bidhaa za kuuza. Ukitembea barabarani utahesabu vibanda vya M-Pesa mpaka uchoke. Lakini ukitaka kuketi mbele ya afisa wa mikopo mwenye meza, kompyuta na mamlaka ya kubadilisha kitu kwenye akaunti yako, utapanda boda, tuktuk au matatu uende mjini. KWFT wako Kisumu, Faulu wako Kisumu, SMEP wako Kisumu, na ni jambo jema kwamba wako. Ila "tawi la Kisumu" maana yake ni tawi la katikati ya Kisumu. Kisumu ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2001, mitaa imetambaa hadi Mamboleo na Kibos, watu wameifuata mitaa, meza za mikopo hazikuwafuata watu.

Najua kuna mtu tayari anacheka. Kilomita nne au tano, nayo ni safari? Mbona watu wa Mfangano wanavuka ziwa kwa boti?

Ndugu yangu, umbali wa mfanyabiashara mdogo haupimwi kwa kilomita. Tufanye hesabu ya mfano, namba ni zangu za kukadiria, wewe weka zako. Chukulia nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 100. Chukulia faida yake ya asubuhi moja, anayoipoteza akifunga kibanda, ni shilingi 400. Chukulia jambo lake halimaliziki siku ya kwanza, kwa sababu ameambiwa arudi na nakala ya kitambulisho. Safari mbili ni shilingi 1,000. Kama mkopo wenyewe ulikuwa 5,000, basi kusahihisha kosa moja kumemgharimu asilimia 20 ya mkopo, kabla hujahesabu riba. Yule anayekopa milioni moja anaenda safari hizo hizo mbili kwa gari lake, na kwake gharama hiyo haionekani hata kwa darubini. Ukiweka tawi mjini peke yake, umetoza watu wadogo riba ya pili ambayo haimo kwenye mkataba wowote.

"Lakini apu imemaliza hayo yote!" Haijamaliza. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na historia kidogo, kwa sababu wengi wetu hatuijui.

M-Pesa yenyewe ilizaliwa tumboni mwa mikopo midogo midogo. Mwezi wa 10 mwaka 2005, Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za idara ya maendeleo ya Uingereza iliyoitwa DFID, walianza majaribio Nairobi na Thika pamoja na shirika la mikopo la Faulu Kenya. Wazo lilikuwa kwamba mkopaji wa Faulu apokee mkopo wake na kulipa marejesho yake kwa simu. Kilichotokea kinafahamika: watu waliopewa huduma ile waliitumia kwa mambo yao wenyewe, kutumiana pesa, kulipana. Upande wa Faulu, shida ilikuwa kupatanisha malipo ya simu na vitabu vya shirika. Huduma ilipofunguliwa kwa umma mwezi wa 3 mwaka 2007, ilitoka kama huduma ya kutuma pesa nyumbani, na lile wazo la marejesho ya mikopo likawekwa kando.

Sasa tazama kilichotatuliwa na kilichoachwa. Pesa kusafiri kutoka simu hadi simu, hilo lilitatuliwa, na lilitatuliwa vizuri mno mpaka dunia nzima ikaja kujifunza. Lakini kujua malipo haya ni ya nani, ya mkopo upi, wa kikundi kipi, na nani arekebishe yakienda pasipo, hilo lilibaki kwenye madaftari na kwa watu wanaoyashika. Miaka ishirini imepita na bado tunasherehekea nusu ile ile iliyotatuliwa 2007.

Anayeandika programu anajua kwamba njia nyoofu ndiyo rahisi. Mteja ana kitambulisho, jina linalingana, simu iko hewani, namba imeandikwa sawasawa, pesa imefika. Hiyo unaiandika Ijumaa na Jumatatu unaionyesha kwa wakubwa. Kazi iko kwenye ile sehemu ya "la sivyo". Jina likiwa tofauti? Laini ikiwa imepotea? Mkopaji akifariki na mumewe anataka kujua deni ni kiasi gani? Wanakikundi watano wakimlipia mwenzao aliyelazwa hospitali, lakini malipo yakasomeka kwa jina la mweka hazina peke yake? Hapo ndipo mwandishi wa programu, akiwa amechoka na tarehe ya kukabidhi imefika, anaandika maneno matano ambayo nimeyaona kwenye kazi nyingi: "wasiliana na huduma kwa wateja." Maneno hayo matano ni tawi lililofungwa. Mwandishi amechukua kila kitu kilichomshinda akakitupa kwa mtu ambaye hajui kama yupo.

Nitoe mfano wa kiufundi ili usiseme napiga siasa. Safaricom walifungua mlango wao wa Daraja kwa wasanidi mwaka 2017. Mteja akilipa kwa Paybill anaandika namba ya biashara, halafu namba ya akaunti, kiasi na namba ya siri. Mfumo unaweza kuiuliza seva yako kabla ya kukubali: je, akaunti hii ipo? Hatua hiyo ya kuuliza si ya lazima, kampuni lazima iombe iwashiwe. Isipoomba, pesa inapokelewa hata kama mteja ameandika jina la mtoto wake mahali pa namba ya akaunti. Mteja anapata ujumbe kwamba pesa imekwenda. Upande wa pili programu inatafuta mkopo wenye namba hiyo, haiuoni, inaitupa pesa kwenye akaunti ya kusubiria. Zamani ungejaribu kumtafuta mlipaji kwa namba yake ya simu. Siku hizi namba hiyo inakufikia ikiwa imefichwa kwa sababu za faragha, na mimi naunga mkono faragha. Lakini matokeo yake ni kwamba sasa lazima binadamu aangalie, aulize, alinganishe, aamue. Huyo binadamu yuko wapi? Anakaa mtaa gani? Anafungua saa ngapi?

Nimeona jambo hili kwa macho yangu, kwa jirani yangu hapa Migosi anayeuza omena na mboga. Alikopa kwenye kampuni moja ya mtandaoni ambayo sitaitaja. Siku ya kulipa akaruka tarakimu moja ya namba ya kitambulisho, kwa sababu alikuwa analipa huku anapimia mteja omena. Pesa ikakatwa. Ujumbe wa M-Pesa anao. Kesho yake apu inamwambia hajalipa, na faini imeanza kutembea. Akapiga simu, akaambiwa na sauti ya mashine abonyeze moja, abonyeze mbili, halafu kimya. Akaambiwa atume barua pepe. Hana barua pepe. Akaniletea, "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa kompyuta?" Nikaandika kwa niaba yake, nikaambatanisha picha ya ujumbe. Jibu lilikuja upesi sana, la mashine, likiwa na namba ndefu ya malalamiko. Baada ya hapo wiki tano. Ujumbe wa kudai ulikuwa unaingia kila asubuhi kabla hajafika sokoni. Mwisho pesa ikaonekana, deni likafutwa, hakuna aliyesema pole. Lakini kiwango chake cha kukopa kilikuwa kimeshushwa hadi sifuri, na muhula wa shule ulikuwa umefika. Karo ililipwa na chama chake, akina mama wenzake kumi na kitu, wenye daftari la mistari na sanduku la bati.

Mama huyo huyo ana mkopo mwingine wa kikundi, wa shirika lenye tawi mjini. Huko nako waliwahi kumkosea, wakaandika marejesho yake kwenye jina la mwenzake wanayefanana majina. Alipanda tuktuk akaenda. Alipoteza nusu siku, alipanga foleni, alinung'unika. Lakini afisa alifungua kompyuta, akaangalia kitabu cha kikundi, akarekebisha, akamchapishia karatasi yenye muhuri. Alirudi Migosi saa nane mchana akiwa na karatasi mkononi. Ukimuuliza kipi bora, hatakwambia habari za dakika mbili. Atakwambia kule mjini kuna mtu.

Hapo ndipo ninapopataka. Tawi ni mahali ambapo kosa lina mwenyewe.

Sasa tuje kwenye takwimu zinazotumika kutupumbaza. Mwaka 2015 ramani ya vituo vya huduma za fedha nchini Kenya ilionyesha kwamba karibu robo tatu ya wananchi wanaishi ndani ya kilomita 3 kutoka kituo cha huduma. Vizuri. Lakini vituo vingi mno katika ramani hiyo ni mawakala wa pesa za simu. Na wakala hana mamlaka ya jambo lolote zaidi ya kupokea na kutoa. Hata wakala wa benki, kwa mwongozo uliotolewa na Benki Kuu mwaka 2010, haruhusiwi kutathmini wala kuidhinisha mkopo. Kwa hiyo ukiniambia Migosi ina vituo mia vya huduma za fedha, nitakuuliza vingapi kati ya hivyo vinaweza kufuta faini iliyotozwa kwa makosa. Jibu ni sifuri, na sifuri haionekani kwenye ramani kwa sababu hakuna aliyeamua kuihesabu.

Tazama na uchunguzi wa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu, shirika la takwimu KNBS na FSD Kenya. Mwaka 2006 watu wazima waliofikiwa na huduma rasmi za fedha walikuwa asilimia 26.7. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 83.7. Hiyo ndiyo namba wanayoipenda kwenye vikao. Lakini uchunguzi huo huo unapima pia afya ya kifedha ya watu, yaani kama mtu anaweza kupita mwezi, kuhimili dharura na kujiwekea kitu cha kesho. Mwaka 2016 wenye afya hiyo walikuwa asilimia 39.4. Mwaka 2019 wakawa 21.7. Mwaka 2021 wakawa 17.1. Sisemi apu ndiyo imeleta umaskini, kulikuwa na ukame, kulikuwa na korona, kuna mambo mengi. Nasema kwamba mtu anayetumia namba ya kwanza kutangaza ushindi huku anaificha ya pili hatufai kuwa mwalimu wetu.

Na kuna kichekesho nimekihifadhi. Moja ya kampuni kubwa za kukopesha kwa simu hapa Kenya inaitwa Branch. Ilianzishwa na Matt Flannery, mmoja wa waanzilishi wa Kiva, na ikaingia Kenya mwaka 2015. Jina lake kwa Kiswahili ni Tawi. Kampuni isiyo na matawi imejiita Tawi! Mwanzoni mwa mwaka 2022 kampuni hiyo ikanunua karibu asilimia 85 ya Century Microfinance Bank, benki ya mikopo midogo midogo yenye leseni ya kupokea akiba za umma. Silaumu, biashara ni biashara. Nasema tu kwamba hata aliyeanza bila matofali alifika mahali akahitaji kitu chenye anwani, chenye leseni, ambacho Benki Kuu inaweza kukibishia hodi.

Kichekesho cha pili ni cha sisi watu wa kodi. Kuna programu huria ya kuendeshea mashirika ya mikopo inayoitwa Mifos. Ilianzishwa na Grameen Foundation mwaka 2006, na kiini chake sasa kiko chini ya Apache kwa jina Fineract, mradi kamili tangu 2017. Mashirika mengi duniani yamejengwa juu yake. Jaribu kuandikisha mteja mpya kwenye Fineract bila kuiambia officeId, yaani namba ya ofisi anayohusika nayo. Itakukatalia. Walioiunda waliwaangalia wakopaji halisi wakaona kwamba kila mteja lazima awe na ofisi yake, na kila kikundi kiwe na afisa wake. Sisi tukija na apu zetu tunajaza hapo namba 1, Makao Makuu, kwa kila mtu kutoka Busia hadi Lamu, halafu tunaendelea na kazi. Hifadhidata inauliza swali la maana na sisi tunaidanganya.

Najua mtaniletea hoja tatu. Nizijibu mapema.

Ya kwanza, tawi ni ghali. Kweli kabisa. Sheria ya mikopo midogo midogo ilipitishwa mwaka 2006 na kuanza kazi 2008. Inataka mtaji wa msingi usiopungua shilingi milioni 60 kwa benki ya mikopo inayofanya kazi nchi nzima, na milioni 20 kwa ile ya jamii. Faulu ndiyo ilikuwa ya kwanza kupata leseni, mwaka 2009. Mwenye leseni hafungui mahali pa biashara bila kibali cha Benki Kuu, halafu aongeze kodi ya nyumba, mlinzi, stima. Na sekta hii imekuwa ikiripoti hasara tangu 2016. Sikatai. Lakini gharama haijafutika kwa kufunga mlango, imehamishwa kutoka kwenye vitabu vya kampuni ikawekwa mabegani mwa yule mama mwenye nauli ya tuktuk. Akiibeba yeye haionekani kwenye ripoti ya mwaka, basi tunaita ufanisi.

Ya pili, huduma kwa wateja kwa simu inatosha. Ingetosha kama anayepokea simu angekuwa na mamlaka. Mara nyingi anachoweza ni kusoma kile kile mteja anachokiona kwenye skrini yake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inampa mwananchi haki ya kuomba uamuzi uliofanywa na mashine peke yake na kumwathiri pakubwa uangaliwe upya. Kushushwa kiwango cha mkopo hadi sifuri na mashine ni uamuzi wa namna hiyo. Haki hiyo Bunge limeshampa. Haki isiyo na mlango ataitumia wapi? Atabisha hodi kwenye ikoni?

Ya tatu, vijana hawataki matawi. Kijana akiwa na pesa hataki, ni sawa. Akiorodheshwa kimakosa kwenye CRB, halafu mwajiri akamtaka cheti cha kuonyesha hana deni, utamwona anavyotafuta anwani ya ofisi. Serikali ililielewa hili. Mkopo wa Hustler Fund, uliozinduliwa tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 2022, unatolewa kwa simu, *254#, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Lakini serikali hiyo hiyo tangu 2013 imekuwa ikifungua vituo vya Huduma Centre, na Kisumu tunacho, kwa sababu iligundua kwamba kuna mambo mwananchi hatayamaliza mpaka aone uso wa mtu nyuma ya kaunta. Nenda asubuhi uone waliojipanga. Wengi ni vijana, na simu wanazo mkononi.

Basi nataka nini? Sitaki jengo la vioo Migosi. Nataka mambo matatu, na yote yanawezekana mwaka huu.

Kwanza, meza. Meza moja, siku moja kwa wiki, kwenye ukumbi wa kanisa au ofisi ya chifu: Migosi Jumatatu, Kondele Jumanne, Manyatta Jumatano, Nyalenda Alhamisi, Obunga Ijumaa. Afisa mmoja, kompyuta moja, mashine ya kuchapisha risiti. Hili si wazo jipya wala si langu. Grameen ya Muhammad Yunus kule Bangladesh, benki rasmi tangu 1983, ilijengwa juu ya afisa anayewafuata wakopaji kwenye mkutano wao wa kila wiki. Mashirika yetu ya vikundi yalijifunza kwa namna hiyo hiyo, kisha baada ya simu kuja yakaanza kuona mkutano ni upotevu wa muda. Tofauti ninayoisisitiza ni moja: afisa huyo aje na mamlaka ya kurekebisha, asije kuandikisha wakopaji wapya tu. Wa kuandikisha hawajawahi kukosekana mtaani. Siku ya kukukopesha wanakuita mama, siku ya tatizo hata namba yao haipatikani.

Pili, mashirika na kampuni za mikopo zitangaze hadharani kosa linarekebishwa wapi na kwa siku ngapi. Wanatangaza mkopo kwa dakika mbili, watangaze na marekebisho kwa siku ngapi. Tangu 2022 wakopeshaji wa mtandaoni wanahitaji leseni ya Benki Kuu, na kanuni za mwaka huo ziliwakataza kuwaaibisha wadaiwa kwa kupigia jamaa na marafiki zao. Hatua nzuri. Sasa Benki Kuu iongeze swali moja kwenye fomu ya leseni: mteja wenu wa Kisumu akiwa na malalamiko, ataketi mbele ya nani?

Tatu, sisi wenyewe. Msanidi mwenzangu, haya huhitaji kibali cha mtu. Omba ile hatua ya kuhakiki akaunti iwashwe kabla mfumo haujaanza kupokea pesa. Pesa ikiingia kwenye akaunti ya kusubiria, andika kodi inayosimamisha faini kwa kila mkopo wa kiasi kinachofanana na hicho uliokuwa unatarajiwa siku hiyo, mpaka binadamu aangalie. Usitume jina kwa CRB wakati kuna malipo yasiyojulikana mwenyewe. Mpe mteja uthibitisho anaoweza kuuchapisha, maana mbele ya mwenyekiti wa kikundi karatasi ina nguvu kuliko picha ya skrini. Na ukifika pale unapotaka kuandika "wasiliana na huduma kwa wateja", simama, uliza wakubwa wako: huyo huduma kwa wateja ni nani, ana ruhusa gani kwenye hifadhidata, na anakaa wapi? Wakikosa jibu, programu haijakamilika. Usikubali iitwe imekamilika.

Kuna watu watasema nimegeuka adui wa teknolojia. La hasha. Natumia M-Pesa kila siku, hata hii stima inayowasha kompyuta yangu nimeinunua kwa simu. Ninachokataa ni ile tabia ya kuchukua kazi iliyokuwa inafanywa na mtu anayelipwa mshahara, kuiacha bila mtu, halafu kusimama jukwaani kusema tumeifanya ya kisasa. Mkopaji wa shilingi 5,000 hukosea namba kama vile mkurugenzi anavyokosea. Mkurugenzi ana meneja wa akaunti yake anayempigia simu kwa jina. Huyu wa Migosi ana namba ndefu ya malalamiko na wiki tano.

Ninaishia hapa kwa leo. Anayetaka kubishana nami aje, nampenda mtu wa kubisha. Ila asiniletee idadi ya watu waliopakua apu yake. Aniambie mteja wake wa Migosi akiruka tarakimu moja leo jioni, kesho asubuhi aende mlango upi.